Baba Zuwena Apimwa Uzito

Usiku wa jana sikuota. Ili mtu aote lazima kwanza alale, na mimi sijalala tangu Zuwena azaliwe. Ndoto hii niliiota leo saa nane mchana, nimekaa mkekani, mgongo ukutani, titi mdomoni mwa mtoto.

Nieleze kwanza hali ilivyokuwa, maana ndoto haiji bure. Likizo yangu ya uzazi inakwisha kesho, Ijumaa. Mimi ni fundi wa kupima ardhi. Napima viwanja na kupanda mawe ya mipaka, na mkuu wangu wa kazi, Bwana Chilumba, alishanipigia simu: "Zamoyoni, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Usipoonekana, nafasi yako ina mtu." Mume wangu Shomvi ni fundi redio. Meza yake iko barazani kwetu, hatua sita kutoka kitandani, na kutwa hatoki nyumbani. Maziwa nitakamua, nitayaacha kwenye vikombe. Nilichomwomba ni kimoja tu, amshike mwanawe mpaka saa tisa.

Akanijibu, "Mimi nitamshikaje, Mama Zuwena? Waombe wakuongezee likizo."

Mama yake, Bi Mwanaidi, akadakia kutoka chumba cha pili: "Mwanamume kushika mtoto mchanga! Shingo haijakaza. Kwetu mwanamume hagusi mpaka arobaini."

Nikamwambia, "Mama, arobaini ilishapita."

"Kuna arobaini ya nje na arobaini ya ndani," akasema, na hapo mazungumzo yakaisha. Shomvi akaenda kulala. Mimi nikasinzia nilipokaa.

Naota niko kliniki. Foleni ya akina mama inatoka mlangoni, inazunguka jengo zima, inaingia tena dirishani, hata wa mwisho amemshika wa kwanza mgongoni. Ukutani pameandikwa kwa rangi mbichi: MAMA ALIYEKUJA NA BABA ANAHUDUMIWA KWANZA.

Nesi ni chupa ya chai. Ile nyekundu yenye maua ubavuni, ila imevaa koti jeupe. Halikunishangaza, alionekana mtu aliyesoma.

"Baba yuko wapi?" ananiuliza, na mvuke unamtoka.

Nafungua mfuko, natoa ndala za Shomvi, naziweka mezani.

"Hizi ndizo baba?"

"Ametuambia tutangulie," inajibu ndala ya kulia.

"Yuko njiani," inasema ya kushoto.

"Yuko njiani tangu lini?"

Ndala zinatazamana. "Sisi tumezoea kumwakilisha," ya kulia inasema. "Msiba wa mjombake tulikwenda sisi."

Mama aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. "Afadhali wewe una ndala, shoga. Mimi nimekuja na kofia." Akanionesha kofia. Kofia ikageuza uso. Aliyemfuata alisema yeye amekuja na ujumbe wa sauti kwenye simu, wa sekunde nne, na sekunde mbili kati ya hizo ni kikohozi.

Nesi aligonga meza. "Sikilizeni. Leo hatupimi watoto. Watoto wanakua vizuri. Leo tunapima baba."

Akazichukua ndala, akazivalisha ile kaptula ya kupimia watoto, akazitundika kwenye mizani inayoning'inia darini. Mizani ikakohoa.

"Hizi ni ndala," ikasema. "Nina miaka ishirini kwenye boriti hii, msinifanye mtoto mdogo. Mleteni mwenyewe."

Namna tulivyofika sikuiona, ila boriti sasa ni ya chumbani kwetu. Foleni imekizunguka kitanda. Mama mwenye kofia ameegemea kabati letu kama kabati lake. Shomvi amelala chali, mdomo wazi. Nesi anamwinua kwa mkono mmoja, anamvalisha kaptula, anamtundika. Anabembea taratibu, miguu yenye nywele inaburuta sakafuni, na usingizi haujakatika.

"Amezaliwa lini?" nesi anauliza, kalamu mkononi.

"Mwaka tisini na tatu."

"Huyo ni Shomvi. Mimi nauliza baba. Baba huzaliwa siku moja na mtoto. Wewe ni msomi, usinipotezee muda."

Nikahesabu. "Ana siku themanini na tatu."

"Haya. Mizani?"

Mizani ikatetemeka, ikatulia. "Gramu mia nne."



"Nusu kilo ya sukari iliyopunjwa," alisema mama mwenye kofia, bila ubaya.

Nesi akatia nukta kwenye kadi. Nukta ikashuka chini ya rangi ya kijani, chini ya kijivu, chini ya nyekundu, ikatoka kabisa kwenye kadi na kutua juu ya shuka. Hapo ndipo nesi aliponitazama kama wanavyotazamwa akina mama wenye watoto waliokonda.

"Hajaongezeka hata gramu moja tangu azaliwe. Mama, unampa nini huyu?"

"Wali," nikasema. "Ugali na samaki. Juzi nilimpa pweza."

"Unampa baba pweza?"

"Anapenda."

"Ndiyo maana. Baba halishwi pweza. Baba hulishwa mtoto. Mtoto peke yake, bila kumchanganyia na kitu kingine, kwa miezi sita ya mwanzo. Mara nane kwa siku, na kila mtoto anapolia. Hukufundishwa?"

"Sikufundishwa."

"Kila akimshika mtoto kidogo mnamnyang'anya. 'Lete, utamwangusha.' Mnamwachisha kabla hajashiba. Atakuaje?"

"Kwa hiyo hata hili ni kosa langu?"

Nesi alinionesha kadi. "Hapa juu pana jina la mama tu. Hakuna nafasi ya kuandika kosa la mtu mwingine."

"Basi nisikilize, dada," nikasema. "Nilizaa mtoto mmoja. Nilichanika, nikashonwa, siku ya tatu nikawa nimeinama karaini nafua. Nina mikono miwili na yote imejaa. Sasa nimlee na huyu mwenye ndevu? Nimcheulishe? Nimwimbie?"

"Wenzio wanafanya."

Nikawageukia wenzangu. Hakuna aliyesema anafanya. Yule mwenye ujumbe wa sauti alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Wangu nilijitahidi," akasema mwishoni. "Akafika kilo mbili. Akahamia Masasi."

Shomvi alikuwa bado anabembea. Akakoroma mara moja. Mizani ikasema kukoroma hakuongezi kitu, isije mtu akauliza.

Nesi akashusha sauti. "Kama huwezi kumlea, ipo sindano." Akajifungua kifuniko, akachovya mkono ndani yake mwenyewe, akatoa kichupa. "Inafungua masikio. Mtoto akilia, atasikia. Imebaki dozi moja, na dirisha nafunga saa kumi."

"Ina madhara?"

"Paja litavimba kidogo. Na atalalamika. Akianza kusikia, cha kwanza ni kulalamika. Usiogope. Akilalamika, ujue dawa imekubali."

Mlango wa kabati ukafunguka, akatoka Bi Mwanaidi amejifunga kanga kiunoni kama mtu wa vita.

"Nani anamchoma mwanangu? Nani? Baba yake hakuchomwa sindano yoyote na alizaa tisa!"

"Aliwashika?" mizani ikauliza.

"Aliwahesabu," Bi Mwanaidi akajibu. "Kila Ijumaa akitoka msikitini. Anasimama mlangoni, anahesabu, anaingia kula."

Akina mama wakaitikia kwa kichwa, maana kuhesabu si haba.

"Mara moja alipata wanane," Bi Mwanaidi akasema.

Alikuwa anatazama sakafu, pale miguu ya mwanawe ilipokuwa inaburuta.

"Hakuuliza," akamaliza. "Akaingia kula."

Miaka minne nimekaa naye nyumba moja. Sikuwahi kuisikia habari hiyo, na nadhani hata yeye alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Akavuta upindo wa kanga, akajifunika uso.

"Mchomeni," akasema kutoka ndani ya kanga. "Mimi sitazami."

Nesi akavuta dawa. "Mama Zuwena, mshike mguu. Mikono miwili, asirushe."

Nina Zuwena mikononi. Nawatazama wenzangu, na kila mmoja ana wake mikononi. Nazitazama ndala.

"Sisi hatuna mikono," ndala ya kushoto inasema, na kwa mara ya kwanza inaonekana kuona haya.

Natafuta pa kumlaza mtoto. Kitanda hakipo. Chumba hakipo. Tuko kwenye kiwanja, jua la utosi, majani yamefyekwa, na katikati lipo jiwe la mpaka. Mwandiko ulio juu yake ni wangu. Upande huu pameandikwa MAMA, na unaanzia miguuni pangu unakwenda mpaka macho yanaposhindwa. Upande wa pili pameandikwa BABA, na ukubwa wake unatosha kulaza ndala mbili. Humo ndimo alimolala Shomvi, amejikunja, kivuli pekee cha kiwanja chote kimemwangukia yeye.

"Nani alipima hapa?" nikauliza.

"Saini ni yako," mizani ikasema. Ilikuwa inaning'inia angani, bila boriti.

Kuhamisha jiwe la mpaka ni kosa. Najua, nimewahi kusimama kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya mzee aliyehamisha lake hatua mbili tu. Lakini nesi ameinua sindano, na saa kumi inakaribia. Nikaliegemea jiwe kwa nyonga, mtoto begani. Halikuondoka. Nikalisukuma tena, kwa ile nguvu niliyoambiwa chumba cha kujifungulia kwamba sina. Likang'oka. Chini yake palikuwa na unyevu na siafu, kama chini ya jiwe lolote.

Nikavuka, nikamlaza Zuwena juu ya kifua cha baba yake.

"Shingo!" akapiga kelele Bi Mwanaidi ndani ya kanga.

Zuwena akainua kichwa mwenyewe. Shingo ikasimama. Akamtazama baba yake usoni kwa muda mrefu, kama mtu aliyefika ofisini akakuta kiti hakina mtu.

Nikaushika mguu kwa mikono miwili. Sindano ikaingia.

"Mama Zuwena!" Shomvi akalia. "Nini tena?"

Nikaamka.

Mgongo ukutani, mkeka chini, blauzi imelowa maziwa mpaka tumboni. Mapajani pangu palikuwa patupu. Mtoto hayupo.

Nadhani niliruka bila kusimama. Chumbani Shomvi alikuwa ameketi kitandani, macho mekundu, Zuwena kifuani, amemkumbatia kama redio ya mteja anayoogopa kuiangusha. Bi Mwanaidi alikuwa kwenye kizingiti. Hakusema neno kuhusu shingo. Akanipisha nikapita.

"Amelia huyu," Shomvi akasema kabla sijafungua mdomo. "Amelia hapa kifuani mpaka nimeamka. Nimekuita, hukuitika. Siku hizi unalala kama gogo. Na amenikojolea, shati lenyewe la kutokea hili. Halafu hatulii, anapiga mateke, ana nini? Mkono wangu umekufa ganzi. Na paja linaniuma, sijui nimeumwa na nini."

Akapandisha msuli. Paja la kushoto, upande wa nje, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa harage, tundu jekundu katikati. Juu yake ilikuwa imeganda pamba yenye tone moja la damu. Pamba nyumbani kwetu iliisha tangu kitovu cha Zuwena kilipodondoka.

"Usilikande," nikamwambia.

"Haya, mpokee mtoto." Akaninyooshea.

Sikunyoosha mkono. Nikainama uvunguni, nikavivuta viatu vyangu vya kazi, vimeota ukungu miezi mitatu. Nikaketi kizingitini kando ya Bi Mwanaidi, nikachukua kitambaa na dawa ya viatu, nikaanza na cha kulia.

Shomvi alilalamika mpaka vyote viwili vikang'aa.