Swali la Kumi na Nne

Wanafunzi walimwita Bwana Ruka, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa historia, tena mzuri, mpaka mwalimu wa hisabati alipoacha kazi na vipindi vyake akatupiwa yeye. Tangu hapo, kila akifika kwenye mada ya uwezekano alifunika kitabu na kusema, "Hiyo rukeni, haitoki." Ilitoka kila mwaka.

Mkuu wa shule, mama asiyejua kuzungusha maneno, alimwita ofisini na kumtandazia mezani karatasi za majaribio za kidato cha nne. Zilikuwa thelathini na nane. Alizifunua moja moja hadi swali la kumi na nne, lile la uwezekano, na zote pale zilikuwa nyeupe.

"Watu wazima hawa, hakuna hata mmoja aliyebahatisha," mkuu alisema. "Shida nini, mwalimu?"

"Wamekata tamaa, mkuu. Hawana moyo wa kusoma."

"Basi watie moyo. Majaribio ya pili ni baada ya wiki tatu."

Angeweza kusema palepale kwamba mada ile haijui. Lakini alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na ulimi ulikataa. Bora aitwe mkali, hata mvivu, kuliko kuitwa mjinga mbele ya watoto.

Jumamosi alifungua kitabu sebuleni, mkewe akiwa kwenye cherehani. Kitabu kilitaka mfuko wenye mipira kumi, minne myekundu. Mipira hakuwa nayo, akaomba vifungo vya kwenye kopo la mkewe, vinne viwe vyekundu.

"Kumi tu," mkewe alisema. "Na kila unachotoa, kirudishe koponi kabla ya kutoa kingine. Vifungo vyangu havina miguu lakini humu ndani vinatembea."

"Sawa, mama watoto."

Akatoa, akarudisha, akaandika. Nafasi ya chekundu, nne juu ya kumi. Akatoa tena: nne juu ya kumi. Kufikia adhuhuri alikuwa anacheka peke yake, na mkewe akamtazama juu ya miwani.

Jumatatu aliingia darasani na kopo. Wanafunzi walichomoa vifungo, wakavirudisha, wakashangilia kila chekundu kilipotoka. Hata wale mabingwa wa kusinzia nyuma walisogeza madawati. Kisha akaandika ubaoni swali la mtihani wa zamani: mipira kumi, minne myekundu, inatolewa miwili, mmoja baada ya mwingine, bila kurudishwa, kuna uwezekano gani yote miwili iwe myekundu? Akalijibu kwa mbwembwe. Nne juu ya kumi, mara nne juu ya kumi. Binti wa dirishani, ambaye wenzake walimwita Mama Kimya, aliinua mkono nusu, kisha akaushusha. Bwana Ruka alidhani anafukuza nzi.

Baada ya majaribio ya pili mkuu alimwita tena. Safari hii karatasi hazikuwa nyeupe.

"Wote wamejibu," mkuu alisema. "Na thelathini na saba wamekosea kosa moja, mstari kwa mstari. Wameibiana hawa. Nawafutia matokeo ya somo zima, na wazazi nawaita."

Bwana Ruka alisoma swali. Akalisoma tena, polepole, mpaka kwenye maneno mawili ya mwisho: bila kurudishwa. Mpira mwekundu ukishatoka, mfukoni inabaki tisa, na myekundu mitatu. Aliliona lile kopo la vifungo na kumsikia mkewe akisema, kirudishe. Aliona haya hadi masikio yakawaka.

Mkuu alikuwa ameshachukua kalamu. Kukaa kimya kulikuwa rahisi kabisa.

"Hawakuibiana, mkuu," alisema. "Wamenakili kwangu. Mada hii siijui. Sijawahi kuijua."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Nenda ukawaambie wao."

Akaenda akawaambia. Maneno yalikuwa machache na yalimtoka kwa shida. Mmoja nyuma akasema, "Kumbe hata mwalimu anakosea," wakacheka, naye akajikuta anacheka nao. Kisha akainua karatasi moja, ile ya thelathini na nane, ambayo jibu lake lilikuwa sahihi, akaenda nayo dirishani.

"Wewe ulijua tangu siku ile ya vifungo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

Mama Kimya alitazama dawati. "Ulikuwa umefurahi, mwalimu. Tangu tuje shule hii hatujawahi kukuona umefurahi."

Bwana Ruka alisimama pale na chaki mkononi, asijue aiweke wapi. Mwishowe akampa yeye, akaketi kwenye nafasi yake dirishani, akafungua daftari.