Kondoo wa Mfereji wa Lemara

Ndoo ya mwisho ilimmwagikia Sumari begani. Alijipangusa kwa jani la mgomba, akamtazama nyapara wake. Shimo la kumwagia vinyesi vya mji lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na Arusha ilizidi kupokea watu.

"Mwaga mtoni," alisema Dismasi.

"Nyapara, mfereji wa Lemara unaanzia hapo chini. Watu wanakunywa."

"Ofisini wanajua. Vibarua wa kuchimba shimo wako uzunguni, wanapanda maua." Dismasi akacheka. "Au kazi imekushinda? Rudisha kibali cha mji, ukaungue jua Kingori walikotupwa Wameru wenzako."

Sumari akamwaga. Akamwaga wiki nzima.

Jumapili alikwenda Lemara kumwona dada yake, Tabea. Nyumba zao zilipochomwa Ngare Nanyuki ili kupisha ng'ombe wa Wazungu, Waarusha wa Lemara walimpa Tabea na mtoto wake pembe ya banda. Sasa watoto wa Lemara walikuwa wanaharisha damu, na watu walimzunguka Tabea kando ya mfereji.

"Maji haya hayakuwahi kutudhuru mpaka mlipokuja nyie Wameru," alisema Loishiye, mzee wa mfereji. "Umefulia humu nguo za mtoto. Utalipa kondoo wa kuyatakasa."

"Sijafulia, baba. Nachota kwa kibuyu, nafulia mbali."

"Kumbe zinajifua zenyewe!" alidakia Soila, mwenye banda. Watu wakacheka.

Tabea akamwona Sumari. "Kaka, waambie! Si tumelelewa kwenye mfereji sisi, miiko yake tunaijua?"

Watu wakageuka. Sumari alifumbua mdomo. Harufu ya bega lake ikampanda puani, ingawa alikuwa ameoga mara mbili.

"Lipa tu, dada," alisema. "Yaishe."

Tabea alikwenda kumleta kondoo wake, mnyama pekee aliyetoka naye kwao.

Walimwambia Sumari, kwa kuwa ni ndugu, ashike miguu. Loishiye alichinja, akachota majani ya tumboni, akayapaka kwenye mdomo wa mfereji.

"Maji yametakata. Aliyeyachafua aanze kunywa."

Tabea aliinama, akanywa kwa kiganja. Akachota tena, akampelekea mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na kiu; alinyonya vidole vyote.

Sumari hakuinua uso; mikono yake bado ilikuwa imeshika miguu ya kondoo.

"Mwachie, kijana," Loishiye alimwambia. "Ameshakufa huyo."