Kelele za Nyumba Hii

Mimi nina sauti, sikatai. Nilizaliwa nayo, nimelea nayo watoto watatu, na cherehani yangu ikianza kukimbia asubuhi huwezi kunong'ona nikakusikia. Mume wangu, fundi bomba, naye ni hivyo hivyo. Tukibishana habari ya chumvi tu, jirani hudhani tunaachana. Basi ndiyo nyumba yetu. Anayekerwa na azibe masikio.

Chuo cha ukunga kikatuletea msichana wa kukaa naye miezi sita. Katoka kwa watu wa mbali, watu wapole, wanaoongea kama vile kuna mtoto mchanga kalala chumba cha pili. Siku ya kwanza alipiga hodi mara nne nisimsikie, akabaki kasimama nje na begi lake mpaka mteja mmoja akamkuta. Mtaa ukampa jina siku hiyo hiyo: Mnong'ono.

Loh, nilimfokea! Nilimfokea kwa kusimama juani kama hana kwao. Kesho yake nikamfokea alipotaka kwenda chuoni bila kunywa chai: "Utakwenda kuzalisha wake za watu na tumbo tupu? Ukianguka wewe, nani atamdaka mtoto?" Nikamfokea alipofua mashuka yangu bila kuambiwa, nikamfokea tena alipoacha kuyafua kwa woga. Wiki ya kwanza alikuwa akishtuka. Wiki ya tatu akawa anakunywa chai tu huku namsema. Mwezi wa pili, akitoka chuoni, anavuta kigoda karibu na cherehani, ananishonea vifungo na kunisimulia akina mama waliojifungua siku hiyo, nami nimeinamisha sikio ili nimpate. Nilishampenda yule mtoto. Nalisema wazi, halina aibu.

Jumanne moja asubuhi akaingia Bi Mratibu. Huyu ndiye anayesimamia wanafunzi wanaokaa majumbani, mwanamke wa faili kifuani na viatu ambavyo havijawahi kuonja tope. Mnong'ono alikuwa nyuma yake, macho chini.

"Mama, kuna tatizo," akasema Bi Mratibu, akafungua faili. "Kila mwezi wanafunzi wanajaza karatasi. Swali la saba: Je, mwenyeji wako hukupandishia sauti? Amejibu: Ndiyo. Kila siku. Mara nyingi."

Nikamtazama Mnong'ono, nikitumaini atakana. Hakukana.

"Swali liliuliza," akasema polepole. "Nikajibu ukweli."

Bi Mratibu akatandaza karatasi nyingine juu ya gauni la bibi harusi nililokuwa nashona. Nitie sahihi kwamba kuanzia leo sitapandisha sauti nyumbani kwangu. Nisipotia, msichana anahamishwa sasa hivi. Kuna familia nyingine inamngoja, familia tulivu.

"Tia, mke wangu, yaishe," akasema mume wangu, aliyekuwa bado hajaenda kazini, na alilisema kwa sauti ya chini kabisa. Nikajua ameogopa kumpoteza, kama mimi.

"Sitii."

"Lakini mama..."

"Bi Mratibu, nisikilize. Unajua nani humu ndani namsemesha kwa upole? Wateja. 'Karibu dada, keti, gauni lako Ijumaa litakuwa tayari.' Na kitambaa chenyewe hata sijakikata! Hiyo ndiyo sauti yangu ya upole, ya kudanganyia watu. Wanangu niliwafokea mpaka wakawa watu. Maji ya moto hayachomi nyumba. Siwezi kulea mtoto kwa sauti ya wateja, wala sitaahidi kwa wino jambo ambalo sitalifanya."

"Kanuni ni kanuni, mama."

"Na nyumba ni yangu."

Akafunga faili. Akamwambia Mnong'ono akachukue begi.

Niseme kweli, nilitaka kulia. Kalamu ilikuwa pale pale mezani, na sahihi yangu ni herufi tatu tu. Lakini nikiitia, kila siku nitamtazama mtoto yule na kumeza kilicho kooni. Hapo si mwanangu tena, ni mpangaji. Nikashika mkasi, nikakata uzi usiohitaji kukatwa.

Mnong'ono akatoka na begi, akasimama mbele yangu. Nikaapa sitampa mtu raha ya kuniona natetereka. Nikanyoosha mgongo, nikatabasamu.

"Haya, dada," nikamwambia taratibu. "Asante kwa kukaa nasi. Ukipata nafasi, karibu tena."

Uso ukambadilika. Akalitua begi sakafuni.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujakosea kitu, dada. Safari njema."

"Usiniite dada!" Kwetu hiyo isingehesabiwa hata kuwa kelele, lakini mishipa ya shingo ilimtoka. "Usinisemeshe kama mteja! Karatasi iliuliza kama unapandisha sauti. Haikuuliza kama naumia. Ingeuliza, ningejibu pia."

"Hilo halimo kwenye maswali," akasema Bi Mratibu.

Koo langu likafunguka.

"Umekosea nini? Unaniuliza umekosea nini, na umesimama mlangoni na begi kama mtu aliyefukuzwa, mtihani wako keshokutwa, na chai niliyokuchemshia inapoa huko jikoni? Rudisha hilo begi ndani kabla sijalirusha mwenyewe! Na ukitoka huko uje na kikombe mkononi, sitaki maneno!"

Akalinyakua begi, akakimbilia ndani. Mume wangu akageukia ukuta, mabega yanamtikisika, sijui kwa kicheko au nini.

"Mama," akasema Bi Mratibu, macho yamemtoka, "unafanya hivi mbele yangu?"

"Mbele yako hasa! Kalamu si hiyo? Andika: amepiga kelele, saa tatu na nusu asubuhi, mtaa mzima umesikia. Sahihi yangu kwenye hilo nitakupa. Kisha chini yake andika swali la nane, lile mlilolisahau. Akitoka na chai yake atakujibu."