Mstari Aliyepewa Jina la Bibi

Usiku wa jana niliota Mstari wa grafu yangu amechoka kutembea. Akashuka kutoka kwenye kioo cha kompyuta, akakaa ukingoni mwa meza na kuniomba maji.

"Maji sina," nikamwambia. "Maji ni wewe mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Mstari yule ndiye maji ya chemchemi ya Kwemkole, kwetu milimani Lushoto, mwezi kwa mwezi, tangu kabla mikaratusi haijapandwa juu yake mpaka mwezi uliopita. Mimi ni mtu wa takwimu, ofisi ya maji. Asubuhi yake kijiji kilikuwa na kikao cha kuamua kama mikaratusi ile, miti inayosifika kwa kunywa maji mengi, ikatwe au ibaki. Kikao kilichopita niliwapelekea grafu ya karatasi. Bwana Kingazi, mwenye mikaratusi, akaishika kichwa chini miguu juu, akawaonyesha watu. "Mnaona wenyewe," akasema, "maji yanapanda." Watu wakampigia makofi. Nilikasirika hata chakula hakikupita.

Baadaye Mama Hozza, mwenyekiti wa kamati ya maji, akanipigia simu. "Mwanangu Mwanaidi, karatasi usituletee tena. Tuletee kitu kinachotembea chenyewe. Tena kiwe ndani ya simu kabisa, huku mtandao haushiki. Simu hata Kingazi akiigeuza, picha inajinyoosha."

Nikaandika programu, na grafu ikatembea vizuri kwenye kioo. Kilichobaki ni kuihifadhi iwe faili. Hapo ndipo usingizi uliponichukua.

Basi Mstari amekaa mezani, ananing'iniza miguu ambayo hana. Nasikia ufagio.

Anaingia mzee mmoja kwa kupitia ukutani, kavaa ovaroli, mkononi ana ufagio wa chelewa. Mgongoni kaandikwa MFAGIZI.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Huyu nani?"

"Grafu yangu."

"Sikuuliza ya nani. Nimeuliza nani. Anaitwaje?"

Nikajikuna kichwa. Kwenye programu, kitu ukishakitengeneza lazima ukipe jina. Usipokipa, kompyuta hudhani hukihitaji tena, na hukitupa ili kumbukumbu yake ibaki safi. Nalijua hilo, na wenzangu ofisini mimi ndiye ninayewafundisha. Lakini nilikuwa na haraka, nikaitengeneza grafu na kuiacha hivyohivyo, kama mtu anayejifungua asubuhi na mchana akaenda mnadani.

"Hana jina," nikasema.

"Kisicho na jina ni takataka," akasema yule mzee, bila ubaya wowote. "Hata mimi wangenifagia. Ndiyo maana nimeandikwa mgongoni."

"Basi anaitwa X."

"X si jina, ni mtu ambaye bado anatafutwa." Akaanza kufagia kwenye kona, taratibu, kama mwenye siku nzima. Anafagia namba za chini ya grafu. Mwaka mmoja mzima unaingia kwenye kizoleo huku unalalamika.

Namshika Mstari mkono, tunatoka mbio.

Mlango wa chumba changu unatokea sokoni. Nimevaa kanga ya kulalia na hakuna anayejali. Kibanda cha kwanza kina bango: TUNAHIFADHI PICHA ZINAZOTEMBEA, HATUULIZI MASWALI. Mwenye kibanda anaitwa Gif, kama zile picha fupi za simu zinazojirudia.

"Karibu dada! Karibu chai! Bei poa!" anasema, anainua kikombe, anakishusha. "Karibu dada! Karibu chai! Bei poa!"

"Huyu utanihifadhia vipi?"

"Namchukua kama alivyo. Rangi zitapauka kidogo. Akifika mwisho anaanza upya. Karibu dada!"

"Anaanza upya mara ngapi?"

"Mara ngapi ndiyo nini? Karibu chai!"

Akamjaribu hapohapo. Mstari anashuka, anashuka, chemchemi inafika chini kabisa, na ghafla anaruka juu, maji tele. Anashuka tena, anaruka tena. Nyuma yangu mtu anapiga makofi. Ni Bwana Kingazi, kakaa juu ya kreti la soda, anatafuna muwa.

"Si mnaona!" anawaambia watu wa soko. "Yakiisha yanarudi yenyewe!"

Watu wakaitikia kwamba ni kweli, wanaona. Nikamnyakua Mstari kabla hawajapiga kura. Alikuwa na kizunguzungu, na bluu yake imefifia.

"Usinipeleke tena kwa yule," akasema.

Upande wa pili wa soko kuna studio ya picha za pasipoti. Tunaingia, na ndani ni jiko la bibi yangu. Mafiga yapo, karai lipo, kigoda kipo. Ila ukutani kumetundikwa shuka jeupe, na mbele yake amesimama mwanamke mnene mwenye miwani na kamera.

"Hapa tunatengeneza video," akasema. "Ina mwanzo na ina mwisho. Haturudii. Vueni viatu."

Akampima Mstari na grafu yake kwa futi ya fundi cherehani. Akaguna. "Upana ni witiri. Mlango wa video haupokei witiri. Kila kipimo lazima kigawanyike kwa mbili, kisibaki kitu." Akachukua mkasi, akaipunguza grafu ukingoni. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe."

"Mimi simo kwenye picha."

"Mlangoni umo."

Akaanza kuhesabu misuko kichwani mwangu. Dada yangu Tunu alikuwa amenisuka jana yake mchana, akanivuta mpaka macho yakawa kama ya paka. Mama wa kamera akahesabu, akarudia kwa uhakika.

"Witiri. Fumua mmoja."

Nikafumua mmoja, ule wa nyuma ya sikio la kushoto. Ukishakuwa ndotoni huna mtu wa kumlalamikia.

Kumbe video ni picha nyingi tu, zinapigwa moja moja. Miezi yote ya chemchemi ilikuwa imepanga foleni nje. Kila mmoja anaingia, anakaa kwenye kigoda, na Mstari anasimama kando yake kwa kimo cha maji ya mwezi huo. Januari wa mwaka wa kwanza akaingia amenawiri, mashavu haya, anatabasamu.

"Usicheke," mama wa kamera akamwambia. "Hii ni takwimu."

Aprili akaingia amelowa chapachapa, anajivuna. Lakini kadiri miaka inavyoingia, miezi inakonda. Aprili wa mwaka juzi alikuja mkavu, shati linampwaya, akainama sikioni kwangu. "Mimi ndiye mwezi wa masika," akaninong'oneza. "Huwezi kuniruka? Watu watanionaje?"

Nilimwonea huruma sana. Nikamwambia kosa si lake, akae tu, anyooshe shingo. Akakaa.

Mara nasikia ufagio mlangoni.

"Kule nimemaliza," akasema Mfagizi. Alipoingia tu, picha zilizokwisha kupigwa zikaanza kufifia ukutani, kuanzia Januari wa kwanza na mashavu yake. "Bado hana jina?"

Nikamtazama mama wa kamera anisaidie.

"Majina si kazi yangu," akasema. "Akifagiliwa katikati, nitakupa faili tupu. Linafunguka vizuri tu. Ndani hamna kitu."

Nikawaona watu wa Kwemkole wamekaa kwenye mabenchi, wanatazama simu isiyo na kitu, na Kingazi anapiga makofi. Nikazungusha macho jikoni, natafuta jina popote, na macho yakaangukia lile karai.

Bibi Mwantumu, mama yake mama, alichota maji Kwemkole maisha yake yote. Kwenye karai hilo ndimo alimonikogesha mpaka nikawa mkubwa wa kuona haya. Na kwetu mtoto hurithi jina la bibi au babu, na akishalirithi, heshima hurithi pia, hata kama bado anatambaa. Tunu ana binti mdogo mwenye jina la mama mkwe wake. Mpaka leo Tunu akitaka kwenda harusini humwomba ruhusa, na mtoto akikataa ni kesi.

"Jina analo," nikasema. "Anaitwa Bibi Mwantumu."

Ufagio ukasimama hewani. "Mwantumu yupi?"

"Wa Kwemkole. Mama yake mama."

Mfagizi akavua kofia, akauegemeza ufagio ukutani, akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu Mstari, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu tulipomzika. "Na jikoni kwangu mtu haingii na viatu vya matope."

"Samahani, bibi."

"Umekula?"

"Bado, bibi."

Akapewa kiporo cha ugali na kisamvu, akala pembeni na macho chini. Mtu uliyemwamkia humfagii. Picha zikarudi ukutani, Januari na mashavu yake.

Miezi iliyobaki ikaendelea kupigwa. Mstari sasa anatembea kwa mwendo wa bibi yangu, mkono mmoja kiunoni, anapumzika kidogo kila baada ya hatua, na kila mwezi anashuka. Namba zile nazijua kwa moyo. Nimezitia kwenye ripoti na kunywa chai juu yake. Sasa nikaanza kulia kama mtoto.

Akafika mwezi uliopita, chini kabisa, akakaa.

"Panda kidogo, bibi," nikamwomba. "Kidogo tu."

"Nipande, na maji hayapo? Acha ujinga, mjukuu wangu. Unanipeleka kikaoni nikaseme kweli. Nikifika hapa nakaa hapahapa, mpaka Kingazi aone."

"Imekwisha," akasema mama wa kamera, na taa ikazimika.

Nilishtuka asubuhi, shavu likiwa juu ya kibodi. Kompyuta ilikuwa imezimika, chaji imekwisha. Nikaiwasha. Programu ilikuwa kama nilivyoiacha, grafu bila jina. Lakini pembeni yake palikuwa na faili la video, nalo limeandikwa Bibi Mwantumu.

Nikalifungua. Mstari ukaanzia juu, ukashuka mwaka kwa mwaka, ukafika chini. Nikangoja. Haukuruka.

Nikajiambia labda niliandika mwenyewe nikiwa nusu usingizini, hayo hutokea. Nikalihamishia kwenye simu. Tunu akaingia na chai, akasimama ghafla.

"We Mwanaidi! Nani kakufumua?"

Nikapeleka mkono nyuma ya sikio la kushoto. Nywele zilikuwa wazi. Nikaihesabu misuko iliyobaki kwa vidole, miwili miwili, polepole, na haukubaki hata mmoja pembeni.

Tunu alikwisha chukua kitana. "Geuka nikurudishie, utaendaje kikaoni hivyo?"

"Uache," nikamwambia. "Mpaka kikao kiishe." Na kwa kuwa alitaka kubisha, nikampa simu atazame.

Akatazama mpaka mwisho, akangoja, kama nilivyongoja mimi. Kisha akakaa kitandani na kitana mkononi.

"Dada," akasema taratibu, "huu mstari wako mbona una mwendo wa bibi?"