Mwenye Wimbo Aingia Baa

"Huo wimbo ni wangu!" Bosibori alisema katikati ya baa ya Nyamache, yeye Msabato wa kubatizwa ambaye hajawahi kuikanyaga sakafu ile.

Walevi wakanyamaza. Santuri ndiyo haikunyamaza. Iliendelea na sauti ya Momanyi, mpiga gitaa aliyeusikia wimbo akipita kando ya shamba la chai, akaenda kuurekodi Nairobi na kujiandika mtunzi. Loo, watu wana macho makavu! Bosibori aliutunga kumlilia bintiye Kemuma, aliyemzika akiwa bado ananyonya. Sasa watu wanauchezea kiuno.

Kwenye kaunta alikuwepo mgeni akipokea ada ya muziki. Ni Eliakim, mtu wa kutoka ziwani, ambaye mwaka ule wa 1974 alizungukia baa za Kisii. Akamweleza kwa upole kwamba kila baa inayopiga santuri hulipa, na malipo huenda Nairobi kugawiwa watunzi.

"Basi malipo yangu yanamwendea Momanyi?"

"Ndiye aliyeandikwa, mama. Niletee shahidi aliyekusikia ukiuimba kabla ya santuri, nami nitalipeleka jina lako."

Shahidi alikuwa mmoja tu: Abigael, mke wa mzee wa kanisa, anayechuma chai pamoja naye. Naye alikuwa ng'ambo ya barabara, amegoma kusogea hata hatua.

Bosibori akatoka mlangoni. "Abigael, njoo useme ulichosikia."

"Humo ndani? Kanisa litanitenga!"

"Hata mimi litanitenga. Maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge. Lakini siwezi kujishuhudia mwenyewe."

"Mwache Momanyi na Mungu wake."

"Simwachi. Mtoto nilimwachilia kwa sababu Mungu alimtaka. Huu wimbo nani aliutaka kwangu?"

Abigael aliangalia huku na huku. Macho yalimjaa machozi. Watu wa sokoni walikuwa wamesimama kutazama, na baadhi yao walikuwa wa kanisa lake. Bosibori hakumsihi tena, alingoja tu.

Abigael akavuka barabara. Kikapu cha chai mgongoni mwake kilikuwa kipana kuliko mlango, akageuka ubavu, akapenya hadi kaunta.

"Andika," alimwambia Eliakim. "Abigael, mke wa mzee Nyamweya wa kanisa la Wasabato. Andika na kanisa, wasije wakasema ni Abigael mwingine. Niliusikia."

Nje mtu wa kanisa alimwita kwa jina. Hakugeuka.