Upande wa Wageni

Mwaka wa sabini na saba kulikuwa na vikundi viwili vya wajamaa upande huu wa Nairobi, na kila kimoja kiliamini kwamba kile kingine ndicho kinachochelewesha mapinduzi. Cha kwanza kilikutana Mashimoni, Kibera, chumbani kwa Jeconia Oloo, Jumapili baada ya kanisa. Cha pili kilikutana Kabiro, Kawangware, kwa mtu aliyeitwa Wakoli, saa ileile, makusudi, ili mtu asithubutu kuhudhuria vyote viwili. Kitabu walichosoma kilikuwa kimoja, kimevikwa jalada la nyimbo za dini kwa sababu serikali ina masikio. Tofauti ni kwamba Mashimoni walikisoma ukurasa kwa ukurasa, nao Kabiro walirukia mahali penye vita.

Na wote walikuwa maseremala wa kiwanda kimoja cha samani kando ya Ngong Road. Siku sita walikuwa wakiazimana patasi na kula kutoka sufuria moja, siku ya saba wakiitana wasaliti. Jumatatu mtu alimsalimu msaliti wake vizuri tu na kumwomba gundi.

Kilichowagombanisha zaidi mwaka ule ni Waganda. Walikuwa wanane, wamekimbia mabaya ya kwao, mafundi hodari, na meneja Kiragu aliwachukua kwa nusu ya malipo kwa kuwa hawakuwa na karatasi. Waliitwa Waganda wote, ingawa humo mlikuwa na Mwacholi, na Mnyoro, na watu wa makabila ambayo hakuna aliyejisumbua kuyauliza. Mafundi walipokubaliana kwenda kwa meneja kudai nyongeza, likazuka swali la hao wanane. Mashimoni walisema mfanyakazi hana mpaka, waingie. Kabiro wakasema mtu anayekubali nusu ya malipo ni shoka mkononi mwa tajiri, kwanza atolewe kiwandani, ndipo wenye nchi waongee.

Kila mtu alimtazamia Oloo awe wa kwanza kuwafukuza, hata watu wa kikundi chake. Maana Oloo alikuwa akiidai Uganda. Miaka tisa alifanya kazi Jinja, katika kiwanda cha mbao, na huko ndiko alikojifunza huo ujamaa, kwa wenzake waliomfundisha Jumapili baada ya Jumapili, wakila matoke na kuimba habari za wafanyakazi wa dunia nzima. Mwaka wa sabini ikatoka amri kwamba Wakenya warudi kwao. Meneja wa huko akasimama uani akasema Wakenya wasimame kando ya rundo la mbao. Oloo akasimama. Akageuka kuwaangalia wenzake wa Jumapili, akaona tosi za vichwa tu. Wote walikuwa wakitazama viatu vyao, na mmoja alitoa kisu akaanza kuchonga penseli. Alivuka mpaka na sanduku la vifaa begani. Serikali haikumuuma sana, serikali ni serikali. Ile penseli ndiyo iliyomuuma.

Kwa hiyo hata yeye mwenyewe hakujua moyo wake uko wapi. Mdomo wake ulisema mfanyakazi hana mpaka, kama kitabu kilivyosema. Lakini alipoona wale wanane wakila peke yao karibu na geti, kuna sauti ndogo ndani yake iliyosema, na nyinyi pia muonje. Aliionea haya sauti hiyo, lakini ilikuwapo.

Jumapili ya mwisho kabla ya kwenda kwa meneja, vikundi vyote viwili vilikutana kwa Wakoli, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mashimoni walikuja na mmoja wa wale wanane ajieleze. Jina lake lilikuwa Wamimbi, mtu mrefu, mtaratibu, aliyekaa kwenye ncha ya benchi kama mgeni wa kanisani. Wakoli alimhoji kama askari wa mpakani. Jina nani, nani alikuleta, umeacha nini huko. Wamimbi akasema kwao ni Mbale, chini ya mlima. Hapo Wakoli akamuuliza jambo kwa Kibukusu, na yule mtu akamjibu kwa Kigisu, na kila mtu chumbani aliona kwamba wameelewana bila mkalimani.

Swali lilikuwa, ulitahiriwa mwaka gani. Agosti ya hamsini na sita. Na Wakoli alikuwa wa Agosti ileile, upande wa pili wa mlima uleule.

Asiyejua mila hii hawezi kujua uzito wake. Wabukusu na Wagisu ni watu wa mlima mmoja ambao mpaka uliwapitia katikati bila kuwauliza. Waliosimama mbele ya kisu mwaka mmoja huitana bakoki, na mukoki wako ni zaidi ya ndugu. Akibisha hodi kwako humkatalii. Akilala nje na wewe una mlango, umejiaibisha wewe na ukoo wako. Wakoli aliyekuwa akinguruma sasa alisimama akamkumbatia mtu wa watu, machozi yakimlengalenga, kisha akamgeukia karani wa kikundi.

“Andika huyu,” akasema. “Huyu ni wetu. Waganda ni wale saba wengine.”

Kabiro walipiga makofi, na baadhi ya Mashimoni pia, tusifiche. Oloo naye karibu aridhike, maana mmoja kati ya wanane si haba. Hata mikono alishaiinua apige. Ndipo wazo likamfikia. Akasimama.

“Komredi Wakoli, kama mlango ni kisu, mimi nitapitia wapi?” Akafungua mdomo wote waone pengo la meno sita ya chini yaliyong'olewa akiwa kijana kijijini kwao kando ya ziwa. “Alama yangu iko hapa. Hiyo yenu sina, na sitakuwa nayo. Kwa hivyo mimi pia ni wa nje?”

Wakoli akasema asilete hayo, yeye ni Mkenya.

“Leo ni Mkenya,” Oloo akajibu. “Siku ingine nitakuwa Mjaluo.”

Oloo akawaeleza habari za Jinja, rundo la mbao, na penseli, mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu ila mkewe. Alisema zaidi ya alivyokusudia. Alipokaa, Wamimbi akamshukuru Wakoli kwa heshima zote, akamwita mukoki, kisha akasema aliingia kiwandani na watu saba na atatoka na watu saba. Akainuka kwenye benchi, akasimama karibu na mlango. Kikao kikavunjika bila uamuzi, kama kawaida ya vikao vyao, ila safari hii bila matusi.

Magdaline Akoth, mke wa Oloo, alisikiliza habari zote akichambua mboga. Alijua chumba chao kinategemea kiwanda kile, na kwamba mwenye kufungua mdomo ndiye hufutwa wa kwanza. Hakumzuia. Alimwambia tu kwamba akifukuzwa mara ya pili, asirudi na sanduku tu, arudi na sababu anayoweza kuisimulia.

Jumanne asubuhi Kiragu hakungoja kuitwa. Mtu alikuwa amemnong'oneza, na yeye si mjinga. Alitoka uani na tabasamu, mafundi wote wakasimama mbele yake, akatangaza kwamba nyongeza ipo.

“Lakini ni ya Wakenya,” akasema. “Wakenya simameni kwa stoo. Wageni simameni kwa geti.”

Geti lilikuwa wazi, na askari wawili wa kampuni wamelishika huku na huku. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wale wanane wakaenda polepole. Wengine wakasogea stoo, Kabiro na Mashimoni wakiwa wamechanganyika. Miguu ya Oloo nayo ikamchukua. Sisemi aliamua, miguu ilikwenda tu, maana mtu ana mke na kodi ya nyumba. Akasimama kwenye kivuli cha stoo kati ya wenzake.

Kisha akagundua anatazama viatu vyake.

Alivitazama kitambo, viatu vyeusi vyenye vumbi la mbao, kama vilivyokuwa vile vya Jinja. Akainua kichwa. Akaanza kuvuka ua. Hatua zake zilikuwa kama thelathini hivi na hajapata kutembea mbali namna ile. Alimkazia macho Wamimbi pale getini asigeuke nyuma, maana Jinja aligeuka, na alichokiona kinamtosha hadi kaburini. Alifika, akasimama kando ya Mwacholi, bado akiangalia barabarani. Pamoja na hofu alisikia fahari ambayo hakuwahi kuisikia katika wimbo wowote wa Jumapili.

Nyuma yake zikasikika gambuti, buti za mpira. Kiwanda kizima kilijua ni nani anayevaa gambuti hata jua likiwaka.

“Mukoki wangu hawezi kupita hiyo geti nikimwangalia,” Wakoli alinung'unika akifika. Kisha akatazama chini, akaongeza kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa ya Oloo peke yake. “Na wewe pia, Jakom. Sogea nisimame.”

Jakom ni neno la Kijaluo, mwenyekiti. Kabiro hawakuwahi kumwita Oloo mwenyekiti wa chochote.

Ndipo vishindo vikawa vingi. Oloo akageuka. Ua mzima ulikuwa unavukwa, Kabiro na Mashimoni, wengine wakijikwaa kwenye mbao kwa haraka ya kutobaki nyuma, hadi stoo ikabaki na karani wa stoo, maana ndipo alipoajiriwa. Kiragu akarudia kwamba alisema Wakenya. Wakoli akamjibu kwamba wamemsikia. Kiragu akatazama stoo, akaona hana wa kumrandia hata ubao mmoja. Mpaka saa sita geti lilikuwa limefungwa na watu wote wako ndani, na nyongeza ilikuwa ya kila mwenye patasi.

Msidhani vikundi viliungana. Jumapili iliyofuata kila kimoja kilikaa kwake, kikaandika kwamba ushindi ulikuwa wake, na Wakoli alidai mbele ya watu wazima kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuvuka.

Jioni ile ya Jumanne Akoth aliona mumewe akiingia mikono mitupu, sanduku kaliacha kazini. Jirani alikuwa amemletea nusu ya habari, kwamba Oloo amevuka peke yake kwenda kwa wageni getini, kwa hiyo hakuuliza habari za nyongeza.

“Walikuja?” aliuliza.

“Walikuja,” Oloo akasema, akaketi, akavua viatu.