Alichosema Mama Kuhusu Namba Mbili

Mutanu hakujua lolote kuhusu farasi, na wala hakutaka kujua, mpaka meneja wa nyumba ya wazee alikofanya kazi huko ughaibuni alipobandika tangazo jikoni kwamba farasi ndio watakaoamua nani apumzike Krismasi. Jumamosi ya kwanza ya Desemba kungekuwa na mbio sita kwenye televisheni. Kila mhudumu angeungana na mzee mmoja, wakubaliane farasi mmoja kwa kila mbio na kuandika namba yake ubaoni kabla mbio hazijaanza. Farasi wako akishinda, pointi moja. Mwenye pointi nyingi angechagua zamu yake ya Krismasi kabla ya wengine, na nafasi ya kukaa nyumbani ilikuwa moja tu.

Mutanu aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Kitui, baada ya miaka tisa ya kuonana kwa simu, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe ishirini na sita. Krismasi ndiyo ingekuwa siku yao ya mwisho pamoja. Zamu ya siku hiyo ni ya kutwa nzima. Ukiangukiwa nayo, unafika nyumbani umebakiwa na nguvu za kuvua viatu tu.

Bahati ilimpa Bwana Ronnie. Mzee huyo alikuwa na miaka themanini na minane na macho yalishamwacha, lakini kwa miaka arobaini alikuwa amewapanda farasi mazoezini alfajiri pale Randwick, uwanja ulio karibu kiasi kwamba ukifungua dirisha lake siku ya mbio unasikia vipaza sauti. Wahudumu wengine walipanga kuchagua kwa majina matamu au rangi ya shati la mpandaji. Ronnie alimtaka Mutanu amsomee gazeti la mbio wiki nzima: huyu alimaliza wa ngapi mara tatu zilizopita, amebebeshwa kilo ngapi, anaanzia karibu na uzio au mbali, amewahi kushinda kwenye matope? Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatano, na hilo la matope alilirudiarudia hadi Mutanu akaliota.

La uzito alilielewa upesi. Farasi hodari huongezewa kilo ili wanyonge nao wapate nafasi. Kitui ni vivyo hivyo: punda mwenye nguvu ndiye anayerundikiwa mitungi ya maji, na asante haambiwi.

Jumamosi akaja kazini na mama yake, kwa ruhusa ya meneja. Mama aliketi karibu na televisheni, mkoba magotini, amenyooka kama yuko kanisani. Mwanamke huyu alikuwa amefuga punda wa maji kwa miaka thelathini. Kiingereza hakukijua, na Kikamba alikiweka kando kwa adabu, akasema Kiswahili, kwa sababu Kyakimwa naye alikuwa ameketi hapo. Kyakimwa alikuwa mhudumu kutoka Kongo, zamu moja na Mutanu, na mwenzake wa mchezo alikuwa Bibi Dot, ambaye akishapata chakula cha mchana hulala hadi chai.

"Hakuna makuta ndani, hata senti moja," Kyakimwa aliwahakikishia wote. "Si kamari. Yesu haoni ubaya."

Kabla ya kila mbio, televisheni ilionyesha farasi wakizungushwa polepole. Mbio ya kwanza mama alitazama tu. Ya pili akasema, "Huyo mwekundu masikio yako mbele. Anataka kwenda."

Mutanu akatafsiri. Ronnie akageuza uso kuelekea ile sauti. "Muulize anakanyagaje."

"Anaweka mguu mzima chini. Hana papara."

"Na kwenye matope alishashinda mara mbili," Ronnie akasema. "Andika huyo."

Mwekundu akashinda. Kuanzia hapo wazee hao wawili wakafanya kazi kana kwamba walilea mifugo zizi moja, mmoja akitoa yaliyo gazetini, mwingine yaliyo miguuni, na Mutanu katikati akibeba maneno huku na huku kwa furaha tele. Zilipokwisha mbio tano walikuwa na pointi tatu. Kyakimwa pia alikuwa na tatu. Huyo alichagua kwa jinsi Mungu alivyomgusa, na siku hiyo Mungu alionekana kuzifuata mbio kwa makini.

Ikabaki ya sita. Ronnie alikuwa ameisubiri wiki nzima kwa ajili ya namba mbili, kwa kuwa ukoo wa farasi huyo aliujua: bibi mzaa mama wa farasi huyo, Ronnie mwenyewe aliwahi kumpanda. Aliposikia wanatolewa, alijiinua kitini.

"Namba mbili," alisema. "Mama anamwonaje?"

Mama alikuwa amekunja uso. "Huyo anaumwa. Mguu wa nyuma, wa kushoto, anaukanyaga kwa kuiba. Mwambie mzee amwache. Achukue yule wa kijivu, namba saba."

Mutanu akamtazama Ronnie, aliyekuwa kinywa wazi, akingoja kama mtoto anayengoja zawadi. Alilelewa kwamba mtu mzima haambiwi usoni kuwa amekosea, na hasa akiwa na furaha. Ulimi wake ukafanya ulichozoea.

"Mama anasema ni farasi mzuri sana," alimwambia.

"Nilijua!" Ronnie akapiga paja. "Andika mbili."

Mutanu akaandika mbili. Kyakimwa akainuka taratibu, akaandika saba, akarudi kuketi bila kumtazama mtu.

Namba mbili aliongoza hadi kona ya mwisho, kisha akaanza kupitwa na kila aliyetaka kupita. Wa kijivu alishinda akiwa mbele peke yake. Krismasi ya Mutanu ilikuwa imekwenda, na yeye ndiye aliyeitoa kwa mkono wake.

"Yaya, dada yangu, usinikasirikie," Kyakimwa alimnong'oneza. "Mama alisema wazi, miye nikasikia. Nina watoto, nao hawajaniona Krismasi miaka mitatu."

Angemkasirikia vipi? Kisha mtangazaji akasema namba mbili amekaguliwa na anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto.

Ronnie akamgeukia Mutanu. "Mama yako hakuuona huo mguu?"

"Aliuona," Mutanu akasema. Uso ulimwaka. "Alisema tumwache. Sikutaka kukuvunja moyo."

"Miaka arobaini watu walinikemea saa kumi na moja alfajiri, na nilikuwa na raha," mzee akasema. "Tangu niingie hapa kila kitu ni kizuri. Supu nzuri, presha ya damu nzuri, farasi mzuri. Nadhani nitazikwa vizuri pia."

"Anasemaje?" mama akauliza. Safari hii Mutanu alitafsiri neno kwa neno, pamoja na lake la uongo. Mama akamtazama binti yake kwa muda mrefu, halafu akainuka, akamshika Ronnie mkono kwa mikono yake yote miwili.

Treni ya kuwarudisha nyumbani, Doonside, ilikuwa imeshapita stesheni ya Parramatta mama alipofungua mdomo.

"Ulilisema vizuri sana lile la namba mbili," alianza. "Hukusita hata kidogo. Nikajiuliza, huyu amezoea." Alitazama mbele. "Kila Jumapili ukinipigia, nakuuliza uko vipi, unaniambia uko vizuri. Miaka tisa, Mutanu. Nami nimekuwa kama yule mzee?"

Mutanu alifungua kinywa aseme hapana.

"Mwaka wa kwanza sikuwa na chumba," alisema. "Nililala sebuleni kwa watu, miezi minne. Krismasi ile niliyokuambia tulichinja mbuzi, nilikuwa peke yangu, na nilikula mkate."

Mama hakulia wala hakutoa pole. Alivuta mkoba pembeni, akasogea hadi mabega yao yakagusana.

"Endelea," alisema.

Treni ikasimama Doonside. Mutanu aliliona jina la stesheni vizuri kabisa kupitia dirishani, na milango ikafunguka ikafungwa, naye akaendelea kusema.